Mahindi yananyauka na udongo una maji: kiduha na homoni za mmea wenye njaa

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nalima heka tatu za mahindi na mtama mkoani Shinyanga. Huu ni mwaka wa nne shamba linanishinda. Mahindi yakifika magotini yanaanza kusinyaa saa sita mchana, majani yanajikunja kama kuna ukame, na mvua imenyesha juzi tu. Nikichimba naona udongo una unyevu. Wiki mbili tatu baadaye vinachomoza vimea vya maua ya zambarau karibu na mashina. Nang'oa vyote, lakini navuna gunia mbili kwa heka. Wazee wanasema shamba limechezewa. Jirani anasema mbolea niliyoweka ndiyo imeleta kiduha. Muuza pembejeo anataka kuniuzia chupa ya homoni ya kupulizia majani, anasema inaondoa msongo wa ukame. Je, itasaidia? Na kwa nini mmea unyauke kwenye udongo wenye maji?"*

Ndugu yangu, nianze na chupa, maana pesa bado iko mfukoni mwako: usiinunue. Sababu utaiona mbele kidogo, baada ya kujua nini kinatokea chini ya udongo wako.

Ulichonacho ni kiduha, na wewe mwenyewe umeshakitambua. Kwa rangi ya maua na kwa kanda uliyopo, yaelekea ni *Striga hermonthica*, kile kirefu cha maua ya zambarau kinachosumbua mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, Tanzania na Kenya. Kipo kingine kifupi cha maua mekundu, *Striga asiatica*, ambacho kimeenea zaidi katikati na kusini mwa nchi. Tabia zao zinafanana: ni mimea inayoishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi, mtama, uwele, ulezi, miwa na mpunga wa nchi kavu. Wazee hawakukosea kuona kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachoumaliza mmea. Kitu hicho kinafukulika kwa jembe, na nitakueleza namna ya kukiona.

Swali lako la msingi, kwa nini mmea unyauke penye maji, linahusu homoni mbili. Ya kwanza inamwita adui. Ya pili inafunga majani wakati hayastahili kufungwa. Tuanze na ya kwanza, kwa sababu ndiyo unayoweza kuifanyia kitu.

Mbegu ya kiduha ni ndogo mno, ina upana wa robo milimita hivi, na chakula kilichomo ndani yake kinatosha siku chache tu. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kunyonya inakufa. Kwa hiyo haioti hovyo. Inakaa udongoni ikisubiri, na inaweza kusubiri zaidi ya miaka 10. Inahitaji kwanza kulowana kwenye udongo wenye joto kwa wiki moja au mbili. Hata hapo haiamki mpaka ipate kemikali fulani kutoka kwenye mzizi ulio milimita chache tu kando yake.

Kemikali hizo huitwa strigolaktoni. Ya kwanza kutambuliwa ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba. Pamba hiyo uiweke akilini, tutairudia. Kwa karibu miaka 40 watafiti walijiuliza: mmea una faida gani kutoa kitu kinachomwamsha adui wake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba strigolaktoni hazikutengenezwa kwa ajili ya kiduha hata kidogo. Zinawaita kuvu wema wa udongoni, wale wanaoingia ndani ya mizizi na kuuletea mmea fosforasi, nao wakalipwa sukari. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2008, makundi mawili ya watafiti yakaonyesha jambo jingine: ndani ya mmea wenyewe strigolaktoni ni homoni inayozuia matawi na machipukizi ya pembeni, ili mmea wenye lishe ndogo usijitanue kupita uwezo wake.

Ukiyaunganisha hayo mawili, mantiki ya mmea inaonekana. Mahindi au mtama ukikosa fosforasi, na mtama hasa hata ukikosa naitrojeni, jeni za kutengeneza strigolaktoni zinawashwa kwenye mizizi. Vimeng'enya, yaani protini zinazokata na kuunda kemikali ndani ya mmea, viwili kati yake vikiitwa CCD7 na CCD8, vinakata rangi ya njano ya jamii ile iliyomo kwenye karoti, na kutokana na vipande hivyo homoni inaundwa. Sehemu yake inapanda juu kuzuia machipukizi, na sehemu inamwagwa udongoni. Ni mbiu ya njaa, na walengwa wake ni kuvu. Mmea ukishiba, jeni zinatulia na mbiu inapungua. Udhibiti huu ni makini kabisa. Kosa ni kwamba mbiu inasikiwa na kila mwenye sikio.

Na kiduha kina sikio kali kuliko wote. Ndani ya mahindi, homoni hii inapokelewa na protini iitwayo D14. Inaishika molekuli, inaikata, na katika kuikata inabadilika umbo. Umbo hilo jipya linaiwezesha kuungana na protini nyingine, na kwa pamoja zinaitia alama ya kuharibiwa protini ya tatu iitwayo D53, ambayo kazi yake ilikuwa kuzizima jeni zinazozuia machipukizi. D53 ikiharibiwa, jeni hizo zinaamka na machipukizi yanalala. Kiduha hakikutumia njia hiyo. Mimea mingi ina kipokezi kingine cha ukoo huohuo, ambacho kwenye baadhi ya mimea husaidia mbegu kutambua kemikali za moshi baada ya moto wa nyika. Kiduha kimezalisha nakala nyingi za kipokezi hicho, 11 kwa *Striga hermonthica*, na baadhi zikageuka kuwa za kunusia strigolaktoni. Moja, iitwayo HTL7, ni nyepesi kiasi cha kuitikia homoni iliyochujuka mno, kiwango ambacho vyombo vingi vya maabara vingepata shida kukipima.

Mbegu ikishaamka, kimzizi chake kinaelekea kwenye mzizi wa mahindi, kinaugusa, kinaunda kiungo cha kunyonyea na kupenya mpaka kwenye mirija ya maji. Haya yote yanatokea gizani, katika wiki za mwanzo baada ya wewe kupanda. Kitachomoza juu wiki ya nne, ya tano, pengine ya saba. Siku unayokiona kimeshakula muda mrefu.

Sasa homoni ya pili, ile inayojibu swali lako la kunyauka. Inaitwa asidi ya abisiki, kwa kifupi ABA, na asili yake nayo ni rangi zilezile za jamii ya karoti. Ndiyo homoni kuu ya ukame. Udongo ukianza kukauka, ABA inaongezeka kwenye majani na kufunga stomata, vile vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na kupotezea maji. Kuna majaribio ninayoyapenda kuyasimulia, yaliyofanywa kwa kugawa mizizi ya mmea mmoja kwenye vyungu viwili, kimoja kikimwagiliwa na kingine kikiachwa kikauke. Majani yalikuwa na maji ya kutosha kutoka chungu cha kwanza, lakini bado yalipunguza kukua. Mizizi mikavu ilipokatwa na kuondolewa, majani yakarudi kukua. Maana yake, jani halisubiri kukaukiwa. Linapata habari kutoka mizizini mapema.

Namna ABA inavyofanya kazi ilifahamika vizuri mwaka 2009, vipokezi vyake vilipotambuliwa. Siku za kawaida, protini za kundi la PP2C zinavizima vimeng'enya vinavyoweza kuamuru stomata zifungwe. ABA ikija inaingia kwenye kipokezi chake, kipokezi kinaikamata PP2C, na vile vimeng'enya vinabaki huru. Vinafungua njia za chumvi kwenye seli mbili zinazolinda kila kitundu, chumvi inatoka, maji yanaifuata, seli zinalegea na kitundu kinafunga. Mvua ikirudi, mmea unaivunjavunja ABA na vitundu vinafunguka tena. Ni mfumo wa kupandisha na kushusha unaokwenda na hali ya saa ileile.

Kwenye mahindi yaliyoshikwa na kiduha, ABA kwenye majani inapanda na kubaki juu, hata udongo ukiwa na maji. Stomata zinafunga, hewa ya ukaa haiingii, chakula hakitengenezwi, jani linajikunja. Kiduha chenyewe hakifungi. Mwaka 2019 watafiti walionyesha sababu: kina PP2C iliyobadilika, ambayo kipokezi cha ABA hakiwezi kuikamata. Kwa hiyo kiduha kimejaa ABA lakini hakiitii. Kinaendelea kupumua maji mchana kutwa, na kwa kupumua hivyo kinayavuta maji ya mahindi yako kuelekea kwake. Mmea wako unabana matumizi, mgeni anafuja. Hicho ndicho ulichokiona saa sita mchana.

Sasa ile chupa. Bidhaa nyingi zinazouzwa kama homoni za majani huwa na homoni za kukuza mmea kama oksini, jibereli au saitokinini, au dondoo la mwani lenye mchanganyiko wake. Zipo zenye matumizi halali kwa mazao fulani. Lakini kwako tatizo ni kwamba maji na chakula vinaibiwa mzizini, na hakuna kitu cha kupulizia jani kitakachomng'oa mwizi. Jibereli inaweza kurefusha shina, ukadhani mmea umepata nafuu, kumbe ni urefu bila chakula. Hata bidhaa ya kushusha ABA, kama ingekuwepo, ingefungua majani ya mmea ambao tayari unanyang'anywa maji. Msongo wa mmea wako si hitilafu ya homoni. Homoni zinafanya kazi yake sawasawa. Kinachozitumia vibaya ni kiduha.

Jirani yako naye ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu. Mbolea ya naitrojeni na fosforasi, kwa utaratibu niliokueleza, inapunguza mbiu na kwa kawaida inapunguza kiduha. Lakini kwenye udongo uliochoka kabisa, kiasi kidogo sana cha mbolea kinaweza kuleta kiduha zaidi mwanzoni, kwa sababu mahindi yanaongeza mizizi, na mizizi mingi inakutana na mbegu nyingi, wakati njaa bado ipo. Halafu kuna samadi. Ng'ombe akila kiduha chenye mbegu, baadhi ya mbegu hutoka hai kwenye kinyesi. Kama ulichomwaga ni samadi mbichi kutoka zizi la ng'ombe wanaochungwa mashambani baada ya mavuno, huenda kweli ulikipanda kiduha mwenyewe. Samadi iliyorundikwa, ikapata joto na kuoza vizuri, ni salama zaidi.

Kung'oa nako tuelewane. Kiduha ulichong'oa leo hakirudishi mavuno ya msimu huu, hasara kubwa imeshapita. Unang'oa kwa ajili ya misimu ijayo, maana mmea mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu. Kwa hiyo kinachohesabika ni kung'oa kabla ya maua kukomaa. Ukichelewa ukakuta viduha vimeshatoa mbegu, usivitupe njiani wala usivilishe mifugo. Kusanya, kausha, choma. Watu wengi hung'oa kwa bidii wakati wa palizi ya pili kisha wanasahau. Viduha vinavyochomoza baada ya hapo, wakati mahindi yanakauka na hakuna anayeingia shambani, ndivyo vinavyojaza ghala la mbegu udongoni.

Tuje kwenye kinachoweza kufanyika, nami nitakuambia na gharama zake.

Kwako ningeanza na pamba, karanga, alizeti, soya au ufuta. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha lakini kiduha hakiwezi kuinyonya. Mbegu inaota, haipati pa kushika, inakufa. Hii ndiyo ile pamba ya 1966, na wewe uko kwenye nchi ya pamba. Wamarekani walipogundua kiduha kwenye majimbo ya Carolina mwaka 1956 walikwenda mbali zaidi: walidunga gesi ya ethilini udongoni, homoni ileile inayoivisha ndizi, kwa sababu nayo huamsha mbegu za kiduha pasipokuwa na mmea. Kwa miaka mingi ya kazi na fedha za serikali walikaribia kukimaliza. Sisi mitambo ile hatuna, lakini pamba na karanga zinafanya kazi ya namna hiyohiyo polepole. Nisikudanganye, msimu mmoja hautoshi. Sehemu iliyoathirika zaidi ningeipa misimu miwili au mitatu mfululizo bila nafaka, na mahindi ningeyahamishia upande wenye nafuu. Najua nyumba inataka ugali, ndiyo maana sisemi heka zote tatu.

Upande utakaobaki na nafaka, suala ni muda wa mbolea. Wakulima wengi hawaweki ya kupandia, wanasubiri mahindi yafike magotini ndipo waweke ya kukuzia. Kwa kiduha hapo umechelewa, mbiu ilishapigwa na mbegu zimeshaamka. Fosforasi na naitrojeni ya mwanzo zinatakiwa shimoni siku ya kupanda. Kama mfuko mzima unakushinda, kifuniko cha soda cha mbolea ya kupandia ya DAP kwa kila shimo, kikitenganishwa na mbegu kwa udongo kidogo, ni bora kuliko kumwaga kingi baadaye. Naitrojeni nyingine iweke mapema kwenye palizi ya kwanza. Panda na kunde katikati ya mistari. Zitafunika udongo, na baadhi ya mbegu za kiduha zitaamka kwenye mizizi yake bure.

Kuhusu mbegu, mtama una habari njema zaidi kuliko mahindi. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na kupata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alitafuta mitama ambayo mizizi yake haiamshi kiduha kwa urahisi. Baadaye ilibainika kwamba mitama ya aina hiyo ina badiliko kwenye jeni moja: bado inatengeneza strigolaktoni, lakini ya umbo tofauti ambalo kiduha hakilisikii vizuri. Kwa maana nyingine imebadilisha lugha ya mbiu bila kunyamaza. Aina za Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2002, zilitoka kwenye mbegu za kazi hiyo. Ulizia vituo vya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Ukiriguru au TARI Ilonga, na ununue mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Kwa mahindi, zipo mbegu zinazostahimili dawa ya imazapiri na kupakwa dawa hiyo kabla ya kuuzwa, ili kiduha kinachoshika mzizi kife mapema. Zikipatikana kwako, nawa mikono kabla ya kugusa mbegu za kunde au maharage, maana dawa hiyo inaziua.

Kuna pia desmodiamu, majani ya malisho yanayopandwa katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za brakiaria au matete zikizunguka shamba. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, Kenya, kiliuendeleza mfumo huu kwanza kwa ajili ya vidudu vinavyotoboa mabua, ndipo wakagundua kwamba kiduha nacho kinatoweka: mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kiduha na wakati huohuo hutoa kemikali zinazozuia kimzizi kushika mahindi. Kati ya yote niliyoyataja, huu ndio nauamini zaidi kwa muda mrefu. Kwako naona vikwazo viwili. Mvua za Shinyanga ni haba, kwa hiyo ungehitaji aina inayovumilia ukame. Na ng'ombe wa kijiji wakiachiwa mashambani baada ya mavuno wataimaliza desmodiamu, ambayo inatakiwa ibaki ardhini miaka mingi. Bila uzio au makubaliano na majirani, usianze.

Dawa za magugu sikushauri. Glaifoseti ikigusa mahindi inayaua. 2,4-D inaua kiduha kilichochomoza, na ajabu yake ni kwamba yenyewe ni homoni ya kuiga, oksini bandia inayovuruga ukuaji wa mimea ya majani mapana. Ndiyo maana itaua pia kunde zako, na upepo ukiipeleka kwenye pamba ya jirani mtakosana vibaya, kwa sababu pamba haivumilii hata tone.

Kabla ya yote hayo, hakikisha. Chagua mche unaosinyaa ambao bado hauna kiduha juu. Uchimbe na bonge lake la udongo, usiuvute. Tumbukiza bonge kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe, kisha tazama mizizi. Ukiona vichipukizi vyeupe vinene vimegandia mizizi, umepata jibu. Usipoona kitu, nisamehe, maelezo yangu mengi hayakuhusu na tafuta sababu nyingine: mchwa, funza wa mizizi, minyoo fundo, au mizizi iliyobanwa na udongo mgumu. Na kama majani machanga ya katikati yanageuka njano na kukauka kuanzia pembeni, mmea ukifa kuanzia moyoni, huenda ni ugonjwa wa virusi ulioingia Tanzania mwaka 2012, na huo usiusubirie. Kwa hali zote hizo mwite afisa ugani wa kata aje shambani mche ukiwa bado hai. Akishindwa kufika, funga mche na udongo wake kwenye mfuko, umpelekee siku hiyohiyo, pamoja na kilo moja ya udongo uliochanganywa kutoka sehemu kadhaa za shamba kwa ajili ya kupima fosforasi na naitrojeni.